Mabaka meusi mashavuni na maneno ya “figo zimechoka”: tiba ya Kichina inasema nini hasa?

Mkaazi wa Micheweni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba kuuliza jambo ambalo limetuvuruga nyumbani kwa wiki tatu sasa.

Mke wangu ana umri wa miaka 34. Tangu alipojifungua mtoto wetu wa tatu, miaka miwili iliyopita, mashavu yake yametoka mabaka ya rangi ya kahawia iliyokoza, moja kila upande, yamelingana kama yaliyopigwa muhuri, na jengine jembamba juu ya mdomo. Hayawashi, hayaumi wala hayana magamba. Yeye ni mkulima wa mwani, na maji yakitoka wakati wa bamvua huwa pwani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kwa hivyo sote tulikuwa tukisema ni jua tu.

Mwezi uliopita alikwenda mjini kwa shughuli zake, na shoga yake akampitisha katika duka moja linalouza dawa za Kichina. Aliyemhudumia ni Mswahili mwenzetu. Alimkalisha karibu na dirisha, akamtazama uso kwa muda mrefu bila ya kusema, akamwambia atoe ulimi, akamshika mkono mahali pa mapigo, kisha akatamka kwamba figo zake zimechoka na ini limeziba, kwa sababu weusi usoni ni alama ya figo katika elimu ya Wachina tangu zama za kale. Akampa pakti 14 za chai ya mitishamba ambazo hazina maandishi mengine isipokuwa ya Kichina, kwa shilingi 60,000.

Tangu siku hiyo mke wangu halali vizuri. Mjomba wake alifariki kwa maradhi ya figo baada ya kusafishwa damu kwa muda mrefu, na neno hilo katika nyumba yetu si neno dogo. Chai aliinywa siku nne, nikamzuia. Masuali yangu ni haya: ni kweli tiba ya Kichina inausoma uso namna hiyo, au yule bwana alibuni? Na ikiwa ni kweli, figo anayoitaja ndiyo figo hii iliyomuua mjomba?

Mwanafunzi wa Nanjing

Wa alaykum salaam, kaka. Nilisoma tiba ya Kichina mjini Nanjing kwa miaka mitano kabla ya kurejea Unguja. Suali lako la pili ndilo linalostahili jibu refu, lakini nianze na la kwanza.

Bwana yule hakubuni. Mganga wa Kichina ana njia nne za kumchunguza mgonjwa, nazo ni kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kugusa mapigo. Na kutazama ndiko kunakotangulia. Katika Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, rangi tano zimefungamanishwa na viungo vitano: ile rangi ambayo Wachina huiita qing, iliyo baina ya kijani na buluu, ni ya ini, nyekundu ni ya moyo, manjano ni ya bandama, nyeupe ni ya mapafu, na nyeusi ni ya figo. Uso nao umegawiwa kama shamba lenye mipaka. Paji la uso limepewa moyo, pua imepewa bandama, shavu la kushoto ini, la kulia mapafu, na kidevu ndicho kilichopewa figo. Utaona basi kwamba hata kwa ramani hiyo ya kale mabaka ya mkeo hayapo kidevuni, na mtu aliyefunzwa sawasawa angesita kidogo kabla ya kulitamka neno figo kwa uhakika ule.

Isitoshe, rangi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili, ambayo walimu wetu waliipa uzito zaidi, ni nuru. Kitabu hicho kinasema rangi iliyo hai ni manjano kama tumbo la kaa, nyekundu kama undu wa jogoo, nyeusi kama manyoya ya kunguru, nyeupe kama mafuta ya nguruwe (astaghfirullah, ndivyo walivyoandika). Rangi iliyokufa ni nyeusi kama masizi, nyekundu kama damu iliyoganda, nyeupe kama mifupa mikavu. Sisi tuna neno la jambo hilo hilo. Mama akikupokea mlangoni akakwambia “mbona umesawijika”, hazungumzii weusi wa ngozi yako, kwani huo anaujua tangu alipokuzaa. Anasema nuru imeondoka. Ndiyo maana Wachina hutenga rangi ya mtu ya asili, wanayoiita rangi ya mwenyeji, na rangi iliyokuja juu yake, wanayoiita ya mgeni. Siku ya kwanza ya mafunzo ya kutazama, mwalimu wangu hakujua aufanye nini uso wangu. Alisimama mbele yangu, akavuta kope langu la chini kwa kidole gumba, akatazama ndani, akahamia kwenye midomo, kisha akanigeuza viganja na kutazama kucha moja moja. Darasa zima lilicheka, lakini alichokifanya kilikuwa sahihi, kwa sababu kwa ngozi yetu hizo ndizo sehemu zinazosema.

Sasa figo. Neno la Kichina linalotafsiriwa hivyo ni shen, na katika tiba ile shen si kile kiungo cha nyuma ya tumbo kinachochuja damu na kutoa mkojo peke yake. Ni ghala ya nguvu za asili za mtu: uzazi, ukuaji, mifupa, nywele, masikio, na namna anavyozeeka. Mwanamke aliyezaa mara tatu na kunyonyesha, ambaye kiuno kinamuuma na usingizi ni haba, ataambiwa shen yake imepungua hata kama figo zake zinachuja bila kasoro. Bandama ndiyo inayoonyesha tofauti hii waziwazi zaidi. Kwa Wachina, bandama ndiyo inayosimamia usagaji wa chakula. Ukimwambia hivyo daktari wa hospitali atakushangaa, kwani bandama anayoijua yeye huchuja chembe za damu na huvimba kwa malaria. Na ini vilevile. Mabaka ya mashavuni kama ya mkeo, watu wa kawaida nchini China huyaita gan ban, yaani madoa ya ini, ilhali wengi wa wenye madoa hayo wakipimwa ini hukutwa wazima. Aliyemwambia mkeo kwamba figo zake zimechoka alimfasiria neno akaiacha maana dukani.

Kwa hivyo jibu langu ni kwamba hapana, kwa lugha aliyoitumia hakuna alilosema kuhusu maradhi ya mjomba. Lakini sikuambii uache kumpima.

Muuguzi wa wodi ya ndani

Nakushukuru Mwanafunzi wa Nanjing kwa ufafanuzi, nami niseme upande wa hospitali.

Mabaka ya kahawia yanayolingana pande mbili za uso, kwenye mashavu, paji na juu ya mdomo, kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, mara nyingi ni hali inayoitwa melasma. Huanza au hukoza wakati wa ujauzito, huchochewa na vidonge vya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake, hufuata ukoo, na zaidi ya yote hulishwa na jua. Mkulima wa mwani analipata jua mara mbili, la juu na lile linalorudishwa na maji, na kofia ya kawaida hukinga lile la kwanza tu. Melasma si dalili ya maradhi ya figo wala ya ini.

Kuhusu figo zenyewe, naomba msomaji yeyote asizitafute usoni. Figo zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake bila ya mtu kuhisi au kuonekana na lolote, na uso unapoanza kubadilika, kwa kuvimba kope asubuhi au kupauka, mara nyingi maradhi yameshakwenda mbali. Vipimo vyake si vya ajabu: shinikizo la damu, protini kwenye mkojo, na kreatinini, yaani taka ambayo figo huiondoa, kwenye damu. Kwa familia iliyopoteza mtu kwa maradhi hayo ningevifanya hata kama uso ungekuwa unang'aa kama kioo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba uso hauna habari. Manjano ya kweli, yanayotokana na nyongo kuzidi katika damu, tunayatafuta kwenye weupe wa macho, nayo huanza kuonekana pale bilirubini, yaani ile rangi ya manjano ya nyongo, inapofika takriban miligramu 2.5 hadi 3 kwa desilita. Mtu aliyekula sana karoti, mapapai na maembe anaweza kuwa na viganja vya manjano huku macho yake yakiwa meupe, na huyo hana tatizo. Weupe wa ndani ya kope na wa viganja hutufanya tushuku upungufu wa damu. Ubuluu wa midomo na ulimi ni jambo la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Na yapo maradhi yanayoleta weusi kweli: mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa London, aliyaeleza maradhi ya tezi zilizokaa juu ya figo, ambapo mgonjwa huwa mweusi zaidi kwenye mistari ya viganja, fizi na makovu, huku akikonda na kupata kizunguzungu akisimama. Wengi wetu tuna fizi nyeusi tangu kuzaliwa, kwa hivyo swali ni kama zimebadilika.

Umefanya vyema kuzuia chai. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, takriban wanawake 100 waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene zenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa na figo, wengine hadi kuhitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo nyengine. Sumu ilitokana na mmea wa jamii ya Aristolochia. Zichukue pakti zote uende nazo hospitali, usizitupe.

Msomaji wa Chake

Nashangaa namna mnavyolipamba jambo hili. Mtu ametazama uso wa mwanamke dakika kumi akamtoza shilingi 60,000, nanyi mnatuletea matumbo ya kaa na manyoya ya kunguru. Tiba ni vipimo. Mengine yote ni ramli iliyovaa koti jeupe.

Mwanafunzi wa Nanjing

Ndugu yangu wa Chake, juu ya yule bwana wa dukani tumekubaliana. Juu ya ramli hatujakubaliana.

Madaktari wa Kichina wanaofanya kazi Mnazi Mmoja na katika Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani hutoka mkoa wa Jiangsu, ambao makao yake makuu ni Nanjing, na wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964. Hospitali nilizofanyia mazoezi kule zilikuwa na maabara ghorofa ya chini na mganga wa mapigo ghorofa ya tatu, na mgonjwa aliyeambiwa juu kwamba shen yake imepungua aliteremshwa chini kupimwa kreatinini siku hiyo hiyo bila ya yeyote kuona haya. Tatizo ni kwamba huku kwetu ghorofa ya tatu imeletwa bila ya ile ya chini.

Na wazee wetu nao walisoma rangi. Neno safura, ambalo watu wetu hulitumia kwa maradhi ya minyoo yanayommaliza mtu damu mpaka akapauka na kuvimba, asili yake ni neno la Kiarabu la nyongo ya manjano, lililokuja pamoja na tiba ya Kiyunani. Rangi ilihama, kiungo kikahama, neno likabaki. Mganga wa hospitali akisikia safura hufikiria minyoo. Mwenye vitabu vya Kiyunani hufikiria nyongo. Na mgonjwa ni mmoja. Kwa hivyo hili la figo si geni kwetu.

Mfano wa Ubelgiji aliouleta Bi Muuguzi una sehemu ambayo inafaa kuongezwa. Dawa iliyokusudiwa ilikuwa mmea unaoitwa fang ji. Uliotiwa ulikuwa mwengine kabisa, ambao nao jina lake la sokoni ni fang ji ya Guangdong. Majina yalikaribiana, figo zikaharibika. Ndiyo sababu pakti isiyo na jina linalosomeka mimi mwenyewe siinywi, pamoja na kwamba Kichina nakisoma.

Somo wa Ng'ambo

Mwanangu, mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwatengeneza maharusi, na nyuso za wanawake nimezishika kwa mikono hii kwa miaka zaidi ya thelathini. Naona wataalamu wameuliza yote isipokuwa jambo ambalo mimi huliuliza kwanza: mkeo anapaka nini?

Nitakupa kisa. Harusi moja bwana harusi alipofunuliwa bibi harusi, mama yake akapiga ukelele kwamba wameozeshwa mwenye homa ya manjano. Mtoto alikuwa wa manjano shingo, mashavu, mpaka nyuma ya masikio. Nikamwambia mama yule amtazame macho, nayo yalikuwa meupe kama maziwa. Ilikuwa ni singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi: msaidizi wangu alizidisha unga wa manjano, akaacha usiku kucha badala ya kuisugua ikakauka na kuitoa. Siku tatu ilikuwa imekwisha, ingawa maneno ya wakwe hayakwisha.

Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni mafuta ya kopo yanayouzwa bila jina, ambayo wanawake huyapaka kuondoa mabaka. Wiki mbili za mwanzo uso huwa laini na kung'aa, kisha jua likiupiga hurejea mweusi kuliko ulivyokuwa, na safari hii weusi wenyewe una ukijivu kama jivu la mkaa ulioloa. Liwa, ule mti wa kunukia unaosagwa juu ya jiwe la msio, haifanyi hivyo. Muulize mkeo kwa upole, tena ukiwa peke yako naye. Mwanamke hamwambii mumewe mbele ya mama mkwe kwamba anajichubua.

Muuguzi wa wodi ya ndani

Somo amenipita, na nakiri kwamba suali hilo nilipaswa kuliuliza mimi. Baadhi ya mafuta ya kujichubua yana haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, kwa kiwango kisichodhibitiwa, na ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha ule weusi wa kijivu alioueleza, ambao ni mgumu kuuondoa. Mengine yana zebaki, na zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Ikiwa mkeo ametumia kopo la namna hiyo, basi kipimo cha mkojo kina sababu nzito zaidi kuliko rangi ya mashavu yake.

Mkaazi wa Micheweni

Assalaam alaykum tena. Shikamoo Somo, na ahsanteni nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na majibu.

Nilimuuliza usiku watoto walipolala. Alinyamaza kwa muda, kisha akainuka, akaingiza mkono nyuma ya ndoo ya unga na kutoa kopo dogo jeupe lisilo na karatasi. Alipewa na shoga yake yule yule, miezi minane iliyopita, na alikuwa akilipaka kila usiku kabla ya kulala. Kumbe baka lililokuwa limekoza zaidi kuliko mengine, la shavu la kulia, ndilo alilokuwa akilisugua zaidi.

Tulikwenda hospitali Jumatatu na kopo na pakti kumi zilizobaki. Shinikizo la damu lilikuwa sawa, mkojo haukuwa na protini, na kreatinini ilikuwa ya kawaida. Daktari alimwonyesha karatasi mwenyewe na kumweleza kila mstari, na nilimwona mke wangu akishusha mabega. Ametakiwa apimwe mkojo tena baada ya miezi mitatu kwa sababu ya lile kopo. Kilichokutwa ni kitu ambacho hakuna aliyekitaja dukani: damu yake ni gramu 10.2, ilhali daktari alisema kwa mwanamke asiye mjamzito isipungue 12. Alimvuta kope la chini kwa kidole gumba, kama ilivyosimuliwa hapa, akaniita nitazame, na ndani palikuwa peupe kama nyama ya dafu. Amepewa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo. Nikakumbuka safura, lakini sikusema kitu.

Mabaka yenyewe ameambiwa hayataondoka upesi, na kwamba kopo aliache kabisa hata kama mwanzoni uso utazidi kukoza. Ameshauriwa mafuta ya kukinga jua, yale yaliyotiwa rangi, ambayo tumeyakosa Wete na tumemwagiza mtu Unguja. Kwa sasa mama yangu amemsukia kofia ya ukindu yenye ukingo mpana kama ungo, anaivaa juu ya mtandio. Wenzake wa pwani walimcheka bamvua lililopita, na wawili wameshauliza bei.

Nina suali moja lililobaki kwa Mwanafunzi wa Nanjing: nikikutumia picha ya maandishi ya pakti, unaweza kutusomea ni mmea gani? Daktari amebaki na pakti mbili, naye amesema angependa kujua.